Macho Hayana Pazia. Je, Mkono?

Macho hayana pazia. Methali hii tumekua nayo sote. Ukimkodolea mtu macho mtaani, akageuka kukuuliza, "Vipi, unanijua?", unamrushia hiyo methali na kesi inakwisha. Jicho halina mlango wala kufuli. Linaona kilicho mbele yake, na mpaka leo hakuna serikali iliyoweza kulitoza kodi.

Lakini, ndugu msomaji, hebu tuongeze neno moja. Macho hayana pazia, sawa. Je, mkono? Ule mkono ulioshika penseli, unaokichukua kile ambacho jicho limekiona na kukiweka kwenye karatasi, nao hauna pazia? Kuona kunapita. Unaweza kuona watu elfu moja toka Kariakoo mpaka Posta, na jioni usiwakumbuke hata watatu. Kuchora hakupiti. Kuchora ni kuweka. Na kitu kikishawekwa kinaweza kuuzwa, kuibwa, kuchekwa, au kutundikwa ukutani kwa mtu ambaye hakujui wala hana habari na wewe.

Swali hili limenikaa kooni tangu likizo ya mwaka jana, na nimeona nilitoe hapa mbele ya wenzangu, maana humu ndani wote tuna ugonjwa mmoja: kuchukua maisha ya watu na kuyatia kwenye karatasi.

Tulikuwa wanne, wote watoto wa Dar. Mwezi wa nane tulikwenda kupiga kambi Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini mwa jiji. Mahema mawili, sufuria moja, gunia la mkaa, ndoo ya maji, na uwanja wa mtu tuliolipia kwa usiku, hatua chache toka mchangani. Wawili kati yetu tunachora. Wa tatu anaandika mashairi. Wa nne alikuja kula samaki, na huyo ndiye aliyekuwa na hoja kali kuliko wote.

Ambaye hajawahi kuchora nje anadhani ni starehe. Anaona picha ya kijana kakaa chini ya mnazi, daftari mapajani, upepo unampepea. Upepo unampepea kweli, ila ni kusi, na kusi la mwezi wa nane halina utani: linageuza ukurasa wakati bado unauchora, linatia mchanga kwenye karatasi, na mchanga ukikutana na penseli laini unakwaruza kama msasa. Mkono una jasho, jasho linaacha alama. Jua linasogea, na kivuli ulichokichora upande huu saa mbili asubuhi, saa nne kimeshakuwa kifupi kama mtu aliyechuchumaa.

Halafu kuna maji. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila zamu ni saa sita na dakika kidogo, na kila kukicha yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Maana yake nini kwa mchoraji? Maana yake kesho saa ile ile, mahali pale pale, mchoro wako haupo. Ngalawa iliyokuwa imelala ubavu mchangani sasa inaelea. Siku za bamvua maji ya Bagamoyo yakipwa yanakwenda mbali mpaka unadhani bahari imehama, watu wanatembea kule ambako jana mashua zilitia nanga. Huwezi kuiambia bahari ingoje.

Wakubwa wa kazi hii nao walifundishwa adabu na maji. Mfaransa Claude Monet alikuwa Étretat, kwenye pwani ya Normandy, mwaka 1885, akichora karibu kabisa na maji huku akiamini kwamba yanakupwa. Kumbe yanajaa. Wimbi likamrusha kwenye mwamba, likamchukulia vifaa, na turubai aliyokuwa akiichora ikaharibika. Aliponea chupuchupu. Mimi hadithi hiyo naipenda kwa sababu moja: inaonyesha kwamba mchoraji wa nje hakai pembeni ya dunia anaitazama kama sinema. Amekaa ndani yake, na inaweza kumlowesha.

Na siyo bahari tu inayomfikia. Watu nao wanamfikia.

Hapo ndipo penseli inapoachana na simu. Mwenye simu anapita, anainua mkono, amemaliza. Aliyepigwa picha pengine hata hakugeuka. Lakini mwenye penseli anahitaji nusu saa, saa nzima, wakati mwingine asubuhi mbili. Katika muda huo yeye mwenyewe anaonekana. Watoto wanamzunguka, wanapumulia shingoni mwake, wanatoa hukumu bila kuombwa: "Hii siyo pua." Wakubwa wanamtazama kwa mbali wanajiuliza huyu ni wa ardhi, ni wa kodi, au ni mwendawazimu. Anayetazama anatazamwa. Hii ndiyo haki ya kwanza ninayoiona katika kuchora nje, na sikuisoma kitabuni.

Siku ya pili nilikaa karibu na mahali wanapotengeneza mashua. Mzee mmoja fundi alikuwa anatia kalafati, yaani anashindilia pamba iliyochovywa mafuta kwenye nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yasiingie. Nikamwamkia, nikamwomba nikae pale nichore. Akaitikia, akaendelea na kazi yake. Baada ya muda mrefu, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Kijana, unachora au unapima?"

"Nachora, mzee."

"Maana anayepima anataka kununua."

Nikacheka. Lakini lile neno halikuwa la kuchekesha peke yake. Mzee alikuwa anauliza swali la haki: wewe uliyekaa hapa unaiangalia kazi yangu kwa makini namna hii, unataka nini kwayo? Baadaye alisogea, akaangalia karatasi, akaanza kunitajia. Huu ni mkuku. Haya ni mataruma. Ukiona ubao huu umepinda namna hii, haukupindwa, umetafutwa mti uliopinda hivyo. Chini tutapaka deheni, mafuta ya mnyama na chokaa, wadudu wasile mbao. Nusu saa ile ilinipa zaidi ya vile macho yangu yangenipa kwa wiki nzima. Macho yaliona mbao, yeye akanipa chombo.

Sasa turudi kwenye hoja. Usiku, moto ukiwaka, changu wawili wako juu ya makaa, mjadala ukaanza. Mla samaki wetu akasema mimi najitesa bure. "Ufukwe ni wa wote, bwana. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni, unajua kwa nini? Kwa sababu pale siyo kwa baba wa mtu. Mtu akitoka akaja kufanya kazi zake mbele ya watu wote, ameshakubali kuonwa. Macho hayana pazia. Kwani wewe samaki huyu ulimwomba ruhusa?"

Mshairi akaja na hoja nyingine, ngumu zaidi. Akasema ukiomba ruhusa umeshaua. Mtu aliyekuwa anaparua samaki, mgongo umepinda, mawazo yako kwa mtoto wake, ukimwambia "samahani mama naomba nikuchore", anajinyoosha, anaweka kanga sawa, anatabasamu. Yule uliyemtaka hayupo tena. Umebaki na mtu wa studio. Kwa hiyo, akasema, sanaa ya kweli ina wizi kidogo ndani yake, na tukubali.

Nawapa haki yao wote wawili. Ni kweli ufukwe ni wa wote. Ni kweli pia mtu akiombwa anaweka pozi. Hata hivyo nina majibu.

Kwa mla samaki: ufukwe kuwa wa wote haina maana kwamba waliomo ufukweni ni wa wote. Daladala ni ya abiria wote, lakini mfuko wa jirani yako siyo wako. Na yule mtu hakutoka nyumbani kuja kuonwa. Alitoka kuja kutafuta riziki, na riziki iko pale, haiko chumbani. Kusema ameshakubali ni kumwekea neno mdomoni.

Kwa mshairi: pozi halidumu. Nani anaweza kushika pozi saa nzima na kazi inamngoja? Dakika tano za kwanza ni za studio, ni kweli. Dakika ya kumi samaki wanadai kuparuliwa, mteja anadai chenji, mtoto analia, na yule mama anarudi kuwa yeye. Tofauti ni kwamba sasa anajua uko pale. Anayetaka ukweli wa haraka ndiye anayelazimika kuiba. Mwenye subira analetewa.

Nikawakumbusha pia kwamba Bagamoyo siyo mahali pageni kwa wachoraji. Oktoba 1860 Waingereza wawili, Speke na Grant, waliondokea pwani hii hii kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Naili. James Augustus Grant alikuwa na mkono wa kuchora, na njia nzima alichora: watu, miti, nyumba, vyombo. Speke alipotoa kitabu chake mwaka 1863, picha nyingi za ndani zilitokana na michoro ya Grant, lakini zilichorwa upya kwa ajili ya kuchapwa na mtu mwingine, Zwecker, aliyekuwa London. Fuata safari hiyo, ndugu msomaji. Mtu kasimama mbele ya nyumba yake. Mgeni anamchora. Karatasi inapanda meli. Mtu wa pili, ambaye hayupo pale, anaichora tena kwa namna ambayo wanunuzi wa Uingereza wataielewa. Kinachochapwa ndicho kinachokuwa sura ya yule mtu katika dunia.

Hata tukisema Grant aliomba ruhusa kwa adabu zote, bado kuna jambo moja ambalo aliyechorwa hakuwa nalo. Hakuwa na njia ya kufika London kusema, "Siyo hivyo." Wala kusema, "Nimebadili mawazo, nirudishieni."

"Lakini sisi siyo kina Grant," mla samaki akasema. "Sisi ni wenyeji. Tunazungumza lugha moja."

Hapo ndipo wengi wetu wa mjini tunapojipa msamaha wa bure. Eti kwa sababu mimi ni mtu mweusi, nasema "shikamoo", najua bei ya dagaa, basi mimi siyo mgeni. Umbali mkubwa siyo ule wa Dar na Bagamoyo, wala wa Bagamoyo na London. Umbali mkubwa ni kati ya mtu aliye likizo na mtu aliye kazini. Likizo yako ni Jumanne yake. Wewe ukiona moshi unapanda kwenye mwanga wa asubuhi unasema, "Dah, mandhari!" Yeye ndani ya moshi huo macho yanamwasha. Neno lenyewe mandhari limetoka kwenye kutazama. Ni la mtu aliyesimama nje. Sijawahi kumsikia mvuvi akiita bahari mandhari wakati anavuta wavu.

Sisemi uzuri ni dhambi. La hasha. Ule moshi ni mzuri kweli, na mtu aliyeko ndani yake naye anajua. Fundi wangu alikuwa akimaliza ubao mmoja anarudi hatua tatu nyuma, anafumba jicho moja, anaangalia mstari wa chombo chake kwa raha ambayo mimi sijawahi kuiona kwenye maonyesho ya sanaa. Nachosema ni kwamba uzuri ule ulikuwa na wenyewe kabla sijafika na penseli yangu.

Je, ukikaa muda mrefu deni linaisha? Mmarekani Winslow Homer alikwenda kwenye kijiji cha wavuvi cha Cullercoats, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mwaka 1881, akaishi huko mpaka 1882, akichora wanawake wa wavuvi wakibeba vikapu, wakitengeneza nyavu, wakingoja vyombo kwenye upepo. Kazi yake ilibadilika kabisa baada ya hapo. Wanawake wale katika michoro ni wazito, miguu imekanyaga chini. Hawakuwekwa pale kupamba. Naamini muda alioukaa ndio uliofanya hivyo. Kwa hiyo kukaa kunalipa sehemu ya deni. Lakini hakulipi lote, na hili nililijua siku ya nne.

Siku hiyo nilimchora mama mmoja akiwa kazini. Sitasema alikuwa anafanya kazi gani. Sitasema alivyovaa, wala umri wake, wala alikuwa upande gani wa mji. Utaona kwa nini. Nilimwomba, akakubali, tena kwa furaha. Nilichora asubuhi nzima. Nilipomaliza nikamwonyesha, akaangalia muda mrefu, akasema, "Ndiyo mimi."

Ndugu zangu, ule ulikuwa mchoro. Nina madaftari manane nyumbani na hakuna ukurasa hata mmoja unaoufikia. Mnajua zile siku ambazo mkono unakwenda wenyewe, mstari hauhitaji kufutwa? Mwenzangu anayechora aliuangalia jioni, hakusema kitu, akaenda kukaa peke yake. Mla samaki aliupiga picha na simu yake. Mshairi akasema huo ndio utatoa jalada la gazeti.

Kesho yake asubuhi yule mama alikuja mpaka kwenye mahema. Akanisalimia vizuri, akaulizia tumelalaje. Halafu akasema, "Mwanangu, ile picha naomba unipe."

Nikamwambia nitamchorea nyingine nzuri ya kwake, hii niende nayo. Akatikisa kichwa. "Hiyo hiyo. Sitaki iende."

Hakunieleza sababu. Nami sikumwuliza.

Nikatoa daftari, nikaukata ukurasa taratibu kwa wembe usichanike, nikampa. Akaukunja mara mbili, akauweka kifuani, akashukuru, akaenda zake.

Baada ya hapo kambi haikukalika. Mla samaki alisema nimefanya upumbavu. "Alikubali. Mbele ya mashahidi. Mchoro ni jasho lako. Angalau angetoa sababu." Mshairi naye alisema ile haikuwa mali ya mama yule wala yangu, ilikuwa mali ya sanaa, na nimeitupa. Maneno yao yaliniuma, maana nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wao.

Lakini hebu tufikiri pole pole. Kwanza, kukubali ni nini? Ukinunua ndoo dukani, umelipa, umepewa, biashara imekwisha. Mwenye duka hawezi kukufuata kesho kuidai ndoo. Je, yule mama aliniuzia sura yake? Sikumlipa kitu. Alinipa nafasi ya kuangalia. Ruhusa ya kuangalia inafanana zaidi na ukaribisho wa nyumbani kuliko na risiti. Mtu akikukaribisha sebuleni leo, kesho akasema, "Leo hapana," huwezi kumwambia jana ulinikaribisha mbele ya mashahidi. Nyumba ni yake jana na leo.

Pili, sababu. Kwa nini anieleze? Mtu akija kuchukua alichokuazima, humuulizi atakwenda kukitumia wapi. Na sababu zenyewe, ukitulia, unaweza kuzikisia kumi bila kutoka ulipo. Pengine usiku alifikiria nani atauona. Pengine kuna mtu asiyejua kwamba yeye anafanya kazi ile. Pengine alitazama uso wake kwenye karatasi akaona kitu ambacho hakutaka kukiona. Kudai sababu ni kumdai atoe siri ya pili ili apate kurudishiwa ya kwanza.

Tatu, jasho langu. Ni kweli nilitoka jasho. Lakini lile jasho lilinilipa pale pale. Asubuhi ile niliona mkono wa mtu unavyojua kazi yake, na kuona kule kumebaki kwangu. Macho hayana pazia, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Kilichorudi ni karatasi.

Na hapa ndipo nikauelewa utajiri wa penseli kuliko siku zote. Mchoro ni karatasi moja. Unaweza kurudishwa. Ukishaukata na kumkabidhi mwenyewe, umekwisha kurudi, hakuna mwingine. Picha ya simu ukishaituma haina mahali pa kurudia. Ndiyo maana kazi haikuisha pale mama alipoondoka. Ilibaki ile picha ya mchoro kwenye simu ya mla samaki. Tulibishana mchana kutwa. Siku hiyo hatukula pamoja. Jioni alikuja, akaniwekea simu mbele ya uso, akaifuta huku naona. "Siyo kwamba umenishawishi," akasema. "Basi tu, nimeiangalia nikaona yule mama ananiangalia."

Mtu asinielewe vibaya akadhani naweka sheria kwamba kila mstari uombewe kibali. Wapo watu ambao siwezi kuwaomba ruhusa wala sitawaomba. Askari anayempiga mchuuzi kirungu hadharani siombi ruhusa yake. Mkubwa anayepokea bahasha siombi ruhusa yake. Mwenye kutumia nguvu juu ya wengine mbele ya watu amelivua pazia mwenyewe, na hapo mkono usipoweka, macho peke yake hayasaidii kitu. Vilevile umati wa watu kwa mbali, vichwa kama mbegu za ufuta, haumdai mtu. Deni ninalolisema mimi ni la yule mmoja, aliye karibu, asiyekuwa na nguvu juu yako wala juu ya mwingine, ambaye uso wake ndio unaoufanya mchoro wako uwe mchoro.

Sasa wenzangu mnaoandika, msikae mnatabasamu kana kwamba habari hii ni ya wachoraji peke yao. Kalamu ni penseli isiyofutika. Yule shangazi kwenye hadithi yako, mwenye kidonda kisichopona na ulimi mkali, anaishi nyumba ya pili toka kwenu na mtaa mzima unamjua. Yule msichana uliyemwita "Rehema" kwenye shairi, jina umebadili, lakini kovu la shavuni umeliacha. Tunajitetea kwamba hii ni kubuni. Kubuni! Mchoraji akikaa ufukweni, aliyechorwa anamwona, anaweza kusimama akaja kuuliza, "Unachora au unapima?" Mwandishi anachora akiwa chumbani, mlango umefungwa, na aliyeandikwa anajua siku gazeti limeshatoka. Kati yetu na mchoraji, sisi ndio tulio karibu zaidi na Zwecker wa London.

Kwa sababu hiyo hata mimi katika ukurasa huu nimemwacha yule mama bila sura. Ningeweza kumchora kwa maneno, nina kila kitu kichwani, mpaka namna vidole vyake vilivyokuwa vimejikunja. Aya moja tu, na makala hii ingekuwa nzuri kuliko ilivyo. Alisema, "Sitaki iende," na sidhani alikuwa anasema karatasi peke yake.

Kipimo nilichobaki nacho ni kifupi, nacho nakitoa kwenu mkipinge. Kabla hujaweka sahihi chini ya mchoro, shairi au hadithi, jiulize: huyu niliyemweka humu akija kesho asubuhi, akanisalimia vizuri, akasema "naomba unipe", nitampa? Kama jibu ni ndiyo, endelea kuchora, hata kama hatakuja kamwe. Kama jibu ni hapana, basi fahamu kwamba hukuwa unachora. Ulikuwa unapima.